Ndege ikishapita, dakika nzima baadaye makapi yangu yanasombwa. Huu ni upepo gani?

MamaMaharage

Wakuu, habari za kutwa. Nina swali, na naomba msinicheke, ingawa najua mtacheka.

Mimi nauza maharage hapa Kigoma. Nayachukua Kasulu na Kibondo kwa magunia, nayapepeta na kuyachambua nyumbani, halafu nayapeleka sokoni. Nyumba yetu iko nje kidogo ya uzio wa uwanja wa ndege. Si chini kabisa ya njia ya ndege inaposhuka, ni pembeni, upande wa ziwani. Kutoka pale ndege inapopita juu mpaka uani kwangu nimehesabu hatua mia moja na kidogo.

Napepeta asubuhi mapema kwa sababu saa hizo upepo ni mdogo na una adabu, unashuka kutoka vilimani kwenda ziwani, basi. Naupa mgongo, narusha, makapi yanakwenda mbele taratibu, maharage yanarudi kwenye ungo. Kazi haina shida.

Sasa kuna asubuhi inashuka ile ndege ya pangaboi mbili, yenye mabawa juu ya mwili. Inapita na kelele zake zote, inatua, kimya. Hakuna kilichotikisika. Naendelea na kazi. Nikishasahau kabisa kama kuna ndege, nasikia hewani mlio kama mtu anachana shuka polepole. Makapi badala ya kwenda mbele yanapanda juu wima, yanasimama kama yanafikiria, halafu upepo unakuja kutoka mgongoni kwa kishindo, khanga inanifunika kichwa na ungo nusura uniponyoke. Sekunde nne, tano, umekwisha. Shwari kabisa. Na makapi yote yako kwenye nguo alizoanika jirani.

Jirani hanisemeshi tangu wiki iliyopita. Mama mkwe anasema hapo pana kinyamkela, nisipepete kabla jua halijapanda. Mimi nimehesabu: tangu ndege ipite mpaka upepo ufike ni sekunde 45, mara nyingine 60. Ndege ikija mchana sioni kitu. Hata asubuhi si kila siku.

Kinyamkela gani anafuata ratiba ya ndege?

Bonde_la_Luiche

Dada huo ni upepo wa injini tu, usijiumize kichwa. Zile pangaboi zinasukuma hewa nyuma kwa nguvu, simama nyuma ya ndege pale uwanjani uone kama kofia itabaki. Hamisha maharage yako Mwanga hapo mjini, kule hata ndege ukiisikia unaona kama inakusalimia tu.

Karavani_Magharibi

Mwangaluka, mama. Niko Tabora, nimekaa chini ya bawa la Caravan, kindege changu cha injini moja, nasubiri gari la mafuta, kwa hiyo nafasi ya kuandika ninayo.

Ndugu wa Luiche, si injini. Upepo wa pangaboi ni mkali karibu na mkia, lakini unachanganyika na hewa nyingine na kupotea haraka. Hauwezi kujificha dakika nzima halafu ukatembea mita sabini pembeni kutafuta maharage ya mtu. Hata ndege isiyokuwa na injini kabisa inaacha hicho kitu. Kinatoka kwenye bawa.

Bawa linabeba ndege kwa sababu hewa iliyo chini yake ina mgandamizo mkubwa kuliko iliyo juu. Pale bawa linapoishia hakuna cha kuizuia hewa ya chini isikimbilie juu, basi inazunguka ncha na kujiviringisha. Kila upande unaachwa nyuma kisulisuli kimoja, kimelala kama mkeka uliokunjwa, si cha kusimama kama vile vya vumbi vya kiangazi. Vinazunguka kinyume: ukiitazama ndege kwa nyuma, cha kushoto kinakwenda kama mshale wa saa, cha kulia kinarudi. Kati yao hewa inashuka, nje inapanda. Ndege ikiwa nzito na ikienda polepole, navyo vinakuwa na nguvu zaidi, na ndege inayotua inakwenda polepole.

Kama unayoisema ni Q400, kutoka ncha hadi ncha ni mita 28.4, na inaruhusiwa kutua ikiwa na tani kama 28. Nimepiga hesabu nyuma ya karatasi ya mizigo. Visulisuli vyake vinaachana kwa mita 22 hivi, na kwa jinsi vinavyozunguka kila kimoja kinamsukuma mwenzake chini, mita moja na kidogo kwa sekunde. Ikipita hapo kwenu iko juu labda mita 45. Basi nusu dakika ya kwanza vinashuka tu, wewe unaendelea kupepeta na huna habari.

Halafu vinakutana na ardhi. Haviwezi kuendelea kushuka, kwa hiyo vinaachana, kimoja kinakwenda huku na kingine kule, vikiwa vinaelea mita kumi na kitu juu yenu. Kukiwa na utulivu vinakwenda kilometa 4 hadi 6 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea hana haraka. Wewe una upepo wa vilimani unaoelekea ziwani, kwa hiyo cha upande wako kinasukumwa kije upesi zaidi. Nilipojumlisha yote nikapata sekunde 57. Wewe umesema 45 hadi 60. Nimecheka peke yangu, muuza mafuta akaniuliza kuna nini.

Makapi kupanda wima kabla ya upepo kufika, hilo ndilo limenifurahisha kuliko yote. Chini ya kisulisuli hewa inateleza juu ya ardhi kwa kasi kuelekea nje. Inasugua udongo, nyasi, ua, ndoo zako. Inapoteza nguvu, mwisho inang'oka ardhini na kupanda, mbele kidogo ya kisulisuli chenyewe. Hiyo ndiyo inayokutangulia na kuyainua makapi. Kishindo cha mgongoni ni kisulisuli sasa kinapita juu yako.

Na hewa hiyo iliyong'oka haiishii hapo. Nayo inajiviringisha, inakuwa kisulisuli kidogo kinachozunguka kinyume cha mama yake, kinamzunguka na kumsukuma arudi juu. Kinadunda, kama mpira uliopungua upepo. Ndiyo maana rubani akiniambia "kikishafika chini kimekwisha" nakataa kupanda naye.

Nilikuwa mmoja wao. Miaka kadhaa nyuma, asubuhi ya Juni, hapahapa Tabora, hakuna jani la mwembe lililokuwa linatikisika na soksi ya upepo imelala kama ya mtoto kwenye kamba. Nina abiria watatu na ndoo kumi na moja za asali. Mbele yangu anatua mkubwa wa pangaboi. Mnara ukanitahadharisha, nikajibu namwona, nafasi nitajipa mwenyewe. Sikujipa. Abiria mmoja alikuwa anawahi mazishi Urambo, nikakata kona mapema ili nimsaidie.

Nikiwa mita thelathini hivi juu, karibu na mwanzo wa njia ya kurukia, bawa la kushoto likaanguka. Sisemi lilitikisika, lilianguka, kama mtu amechomoa mguu mmoja wa meza. Nikazungusha usukani kulia mpaka ukagota. Bawa likaendelea kushuka. Mkono umefika mwisho na ndege haikusikii, nawaambia hata jina la mtoto wako unalisahau. Labda ni sekunde mbili. Halafu kikatuachia, bawa likarudi lenyewe, nikaongeza moto tukapaa upya.

Mama mmoja nyuma akauliza kama Tabora kuna mashimo angani. Nikamjibu hapana mama, ni mimi. Ndoo moja ilikuwa imefunguka. Sisimizi hawakutoka kwenye ile ndege mpaka Agosti.

Kilichotokea ni upepo mdogo wa pembeni, hata soksi haikuuonyesha. Ukiwa wa kilometa 5 hadi 9 hivi kwa saa unakikimbiza kisulisuli kimoja, na kile kingine kila kinapotaka kuondoka unakizuia. Kinabaki palepale juu ya njia kinakungoja. Upepo mkali ungekifukuza, na bila upepo kabisa kingeondoka chenyewe. Ni ule wa katikati.

Mchana kwenu ni habari nyingine. Ardhi imepata moto, hewa inachemka, na upepo wa ziwani unaingia nchi kavu, kwa hiyo visulisuli vinasukumwa upande wa pili na vinachanika mapema. Hewa iliyotulia ndiyo inayovilea. Gari la mafuta limefika.

Mnara_Mstaafu

Kijana wa Caravan, kwa vile umekiri mbele ya watu, nakusamehe kwa niaba ya waongozaji wote waliowahi kusikia "namwona, nafasi nitajipa mwenyewe".

Niongeze kidogo, kwa sababu watu wanadhani tunapowaambia marubani wasubiri ni urasimu. Kwa utaratibu wa kimataifa ndege zimepangwa kwa uzito: tani 7 kushuka chini ni nyepesi, kati ya 7 na 136 ni ya kati, 136 na kuendelea ni nzito, na A380, ile ya abiria kubwa kuliko zote, imewekewa daraja lake peke yake. Caravan ni nyepesi, Q400 ni ya kati. Nyepesi ikitua nyuma ya ya kati inaachiwa dakika 3. Ya kati ikitua nyuma ya nzito inaachiwa 2. Mama, hesabu yako ya 60 iko ndani ya hizo dakika tatu, na kijana huyu alikuwa ndani yake pia.

Dakika hizo zimelipiwa. Tarehe 30 Mei 1972 huko Fort Worth, Marekani, DC-9 iliyokuwa kwenye mafunzo ilikuja kutua nyuma ya DC-10, ndege kubwa kuliko yenyewe. Ikakutana na visulisuli ikiwa karibu kabisa na ardhi, ikabinuka, wote wanne waliokuwa ndani wakafa. Baada ya hapo masafa ya kuachana yakaongezwa.

Jambo jingine ambalo rubani amelipita, sijui kwa aibu. Bawa linatengeneza visulisuli pale tu linapobeba uzito. Magurudumu yakishaubeba uzito, hakuna tena. Kwa hiyo mdogo anayemfuata mkubwa akae juu ya njia aliyoshukia mkubwa, na agusie ardhi mbele ya pale alipogusia yeye. Kwenye kuruka ni kinyume, anyanyuke kabla ya kufika pale mkubwa aliponyanyukia. Nilikuwa nawaambia vijana: pita juu ya moshi wa jiko, usipite chini yake. Hawakuuelewa mfano huo hata siku moja, kwa sababu moshi unapanda na hivi vinashuka. Mfano mbaya, lakini nimeuzoea.

Na kwa nini havifi upesi huku chini? Angalia ndege za mbali zinazopita juu sana, zile zinazoacha mistari miwili myeupe. Ukiwa na subira utaona mistari inaanza kujipinda kama nyoka, inagusana, inakatika na kuwa kama pete pete. Mwaka 1970 mtu anaitwa Crow alieleza kwa hesabu kinachotokea: visulisuli viwili vinaangamizana vyenyewe. Lakini karibu na ardhi vimeshatengana, kila kimoja kimekwenda zake, hakuna wa kumwangamiza mwenzake kwa namna hiyo. Inabaki kazi ya ardhi na kile kisulisuli kidogo alichokisema kijana, kinachomzunguka mkubwa na kumchana nyuzi nyuzi.

Bonde_la_Luiche

Sawa, nafuta kauli ya injini. Ila sasa mmenitia hofu nyingine. Shemeji yangu yuko jirani na huyu mama, bati zake zimepigiliwa kwa misumari ya kuhesabu. Zitapona?

Karavani_Magharibi

Kwa Q400, bati iliyofungwa vizuri haina wasiwasi. Upepo unaofika chini ni kama wa mita 5 kwa sekunde, hesabu yangu ileile ya karatasi. Huo unatikisa mahindi, unainua turubai lisilowekewa mawe, na unagombanisha majirani. Kwenye ndege kubwa ni kweli nyumba zinaguswa. London, karibu na Heathrow, vigae vya mapaa vinang'olewa na visulisuli hivi, na uwanja una mpango wake wa kuwatengenezea watu mapaa. Mwambie shemeji aongeze misumari hata hivyo, mvua zinakuja na hizo haziulizi aina ya ndege.

MamaMaharage

Shikamoo mzee wa mnara. Na wewe rubani, pole na sisimizi.

Nimefanya jambo. Nilichana kitenge kilichochakaa, nikafunga vipande kwenye miti mitatu: mmoja karibu na uzio, mmoja katikati, mmoja uani kwangu. Mwanangu wa darasa la sita akashika simu ya kuhesabu sekunde. Siku mbili za kwanza ndege ilikuta upepo umeshaanza, vitambaa vyote vinapepea, hatukuona kitu. Jumamosi ikatulia. Ndege ikapita. Kitambaa cha uzioni kikaruka saa inasoma 38. Kikalala. Cha katikati 46. Kikalala. Changu 55, na mlio wa shuka nikausikia. Mtoto akapiga kelele "kinatembea!" mpaka mama mkwe akatoka jikoni na mwiko. Amekiona kwa macho yake kitambaa cha mwisho. Kasema, hata kinyamkela anatembea hivyohivyo. Nimemwacha.

Lakini kuna kitu sikukisema mwanzo kwa sababu sikudhani kinahusu. Mwaka juzi haya mambo hayakuwepo, au yalikuwa madogo sana siyakumbuki. Ndege ni ileile na mimi napepetea palepale. Kilichobadilika ni miembe. Kati ya uzio na mimi palikuwa na miembe mitatu mikubwa, ile ya kizamani ambayo watu wawili hawawezi kuikumbatia. Imekatwa mwaka jana. Inaweza kuwa ndiyo?

Karavani_Magharibi

Mama, inaweza kabisa. Mwaka 2019 kwenye uwanja wa Vienna, Austria, watafiti wa DLR, taasisi ya anga ya Ujerumani, walisimamisha safu za vizuizi bapa chini ya njia ya kushukia, kabla ndege haijafika kwenye njia ya kurukia. Kisulisuli kikishuka na kuipitia safu ile, hewa inayoteleza chini yake inakwaruzwa, vile visulisuli vidogo vinazaliwa mapema na kwa wingi, vinamkamata mkubwa na kummaliza haraka kuliko penye ardhi tupu. Walipima kwa mionzi ya leza na ikaonekana.

Miembe mitatu mikubwa yenye matawi na majani ni safu ya vizuizi iliyokuwa inakufanyia kazi bure, na embe juu. Sikuhakikishii kwamba ndiyo peke yake, ila nyumba yangu ingekuwa hapo, ningepanda mingine leo.

Mnara_Mstaafu

Apande, lakini aulize uwanjani kwanza urefu unaoruhusiwa hapo. Miti mirefu chini ya njia ya ndege nayo ina kesi yake.

Na huyo mtoto wa darasa la sita, nani anamlea kwenye hesabu? Sekunde 38, 46, 55. Nina vijana niliowafundisha ambao hawakuwahi kuniletea namba tatu zinazofuatana hivyo.

MamaMaharage

Nitamwambia, atavimba kichwa.

Suluhisho langu kwa sasa ni dogo. Nikiisikia ndege upande wa ziwa naweka ungo chini, nafunika maharage kwa gunia, nahesabu mpaka mia, naendelea.

Kuhusu miembe sasa. Aliyeikata ni huyuhuyu jirani wa nguo. Kiwanja kile cha uzioni nacho ni chake, alitaka kujenga vyumba vya kupangisha, mpaka leo umesimama msingi tu na mbuzi wanalala humo. Jana asubuhi nilimfuata na simu, nikamwambia dada soma mwenyewe, mimi sisemi kitu. Alisoma akiwa amesimama, kidole kinapandisha taratibu. Alipofika kwenye miembe akarudi nyuma, akasoma tena. Akanipa simu yangu.

Hakusema neno. Akaanza kuanua nguo zake kutoka kwenye kamba, moja moja, na ndege ilikuwa bado iko mbali juu ya ziwa.